Kitabu cha Ndoa cha Büdingen

Juma hili nataka tusafiri kidogo kwa fikira mpaka Ujerumani, nchi ambayo wazee wa pwani waliiita Udachi, tukautazame mji mmoja mdogo uitwao Büdingen. Si mji wa viwanda vikubwa, wala si makao ya serikali. Walakini hufika humo watu kutoka Marekani, Argentina, Urusi na Kazakhstan, wengine wazee wa kutembelea fimbo, wengine wamewashika wajukuu wao mikono, na ukiwauliza wamefuata nini watakujibu kwamba babu zao walitoka hapo. Jibu hilo aghalabu si sahihi. Hata hivyo watu hao hawakupotea njia, na sababu yake ndiyo habari yangu ya leo.

Büdingen uko katika jimbo la Hesse, mwendo usiofika saa moja kwa motokaa kutoka Frankfurt. Umekaa bondeni, mahali penye majimaji, na kijito kiitwacho Seemenbach hupita hapo. Katika karne ya 12 mabwana wa nchi ile walijenga ngome yao penye kinamasi, ili adui asiikaribie kwa urahisi, na kwa kuwa ardhi ilikuwa laini waliweka magogo ya mwaloni chini ya misingi. Gogo la mwaloni likikaa majini sikuzote halihofiwi kuoza. Linaloharibika ni lile linalopata maji leo na hewa kesho, kama ajuavyo kila mkulima aliyepata kung'oa nguzo ya ua na kuitazama pale ilipokutana na udongo. Ngome ingali imesimama.

Baadaye, mwisho wa karne ya 15 na mwanzo wa karne ya 16, mji wote ulizungushiwa ukuta mnene wa mawe mekundu, wenye minara na malango. Lango lililo mashuhuri huitwa Lango la Yerusalemu, la mwaka 1503. Lina minara miwili ya duara, mifupi na minene, kama vihenge viwili vikubwa vya mahindi vilivyowekwa ubavu kwa ubavu, na mgeni hupita katikati. Ndani ya ukuta nyumba nyingi za zamani ni za maboriti ya mwaloni yaliyounganishwa kwa ustadi, na nafasi iliyo kati ya boriti na boriti imejazwa fito na udongo uliochanganywa na majani makavu. Naam, fito na udongo. Yuko mtu atakayeshangaa kusikia kwamba nyumba ambazo wageni wa Ulaya huzipiga picha kwa bidii hivyo zilijengwa kwa vitu vile vile ambavyo bibi zetu walivikanda kwa miguu. Tofauti iko katika unene wa boriti, katika vigae vya paa, na zaidi katika matengenezo: kila kizazi kimeziba ufa wake na kupaka chokaa yake, ndiyo sababu nyingine zimesimama miaka 400.

Katika njia za mji mgeni ataona sanamu za vyura. Husimuliwa kwamba zamani bibi arusi wa mtawala hakupata usingizi kwa kelele za vyura wa handaki, ndipo wenyeji wakaamriwa watoke kuwakamata. Hadithi hiyo haina madhara, na wenye maduka wamefaidi. Lakini maji yaliyowazaa vyura hao si hadithi. Tarehe 29 Januari 1921 hawakuwapo waliosoma habari hizi, lakini tarehe 29 Januari 2021 wengi wetu tulikuwa hai: siku hiyo Seemenbach ilifurika ikaingia mji wa kale, na watu waliokuwa wametunza nyumba za karne nyingi wakaanza tena kuchota matope. Kuna pia nyumba moja ya makumbusho iliyojaa vyombo vya miaka ya 1950, redio, viti, majiko na kadhalika. Nadhani wasomaji wangu wengine wangeingia humo wakaona vitu ambavyo shangazi zao wangali wanavitumia.

Sasa tuje kwenye kiini. Ili kuelewa kwa nini watu wa mbali huutafuta mji huu, lazima kukumbuka miaka miwili: 1712 na 1766.

Wakati huo Ujerumani haikuwa nchi moja, bali ilikuwa na mamia ya watawala, wakubwa kwa wadogo, kila mmoja na mpaka wake, kodi yake na dini yake. Mwaka 1712 mtawala wa Büdingen, Ernst Casimir, mwenye cheo kinachoitwa Graf kwa lugha yao, alitoa tangazo la kuwakaribisha watu walioteswa mahali pengine kwa ajili ya imani yao. Waje, wajenge, wamwabudu Mungu kwa dhamiri zao, mradi wawe watu wenye mwenendo mwema. Hakufanya hivyo kwa huruma tupu. Nchi yake ilikuwa na watu wachache, na penye watu wachache kodi nayo ni chache. Wengi waliitikia, na nje ya ukuta wa zamani ukaongezeka mtaa wa nyumba mpya.

Baada ya miaka 54 tu, mji huo huo uliowapokea wageni ukawa mahali pa kuwaaga wenyeji.

Vita vya Miaka Saba vilikuwa vimekwisha mwaka 1763, na nchi za Hesse zilikuwa zimepitiwa na majeshi mara nyingi. Jeshi likipita, liwe la rafiki au la adui, hula. Baada ya vita kodi hazikupungua, na zaidi ya kodi mkulima alidaiwa siku za kazi katika shamba la bwana wake. Tena katika sehemu nyingi desturi ilikuwa kuwagawia watoto wote urithi wa ardhi, mpaka shamba la babu likawa vipande ambavyo jembe haliwezi kugeuzwa ndani yake bila kukanyaga cha ndugu. Jambo hili sina haja ya kulieleza kwa watu wa wilaya zetu.

Mwaka ule ule wa 1763, tarehe 22 Julai kwa kalenda ya Kirusi ya wakati huo, Malkia Catherine wa Pili wa Urusi, ambaye mwenyewe alizaliwa Mjerumani, alitoa tangazo la kuwaita wageni waje kulima nyika za nchi yake. Ahadi zake zilikuwa tamu. Wale ambao wangekaa katika ardhi isiyo na watu wasingelipa kodi kwa miaka 30. Wangepewa mkopo wa kujenga nyumba na kununua mifugo, usio na riba kwa miaka 10. Wangefuata dini yao wenyewe na kujitawala katika vijiji vyao, wala wao na watoto wao wasingelazimishwa kuingia jeshini. Sheria ya mwaka 1764 iliweka kipimo cha shamba kuwa desiatina 30 kwa kila jamaa, nazo ni kama eka 80. Mfikirieni mtu mwenye vipande vyake vitatu vya ardhi, mtoto wa nne yuko njiani, akisomewa tangazo hilo mbele ya nyumba ya pombe.

Februari 1766 kamishna wa serikali ya Urusi aliyeitwa Johannes Facius alifungua ofisi yake Büdingen. Watawala wa jirani walikuwa wamewakataza raia zao wasihame, maana hakuna mtawala apendaye kuona kodi yake ikiondoka kwa miguu. Wa Büdingen alikubali. Basi watu wakaanza kuja: kutoka vijiji vya karibu, kutoka milima ya Vogelsberg, kutoka nchi za mbali zaidi. Wakawa wanangoja ndani na nje ya ukuta, wakipewa posho ya kila siku, mpaka kundi lao litimie na kupelekwa kwenye bandari ya Lübeck.

Wakati wakingoja, walioana. Kati ya tarehe 24 Februari na tarehe 8 Julai 1766, katika kanisa la Bikira Maria la Büdingen, zilifungwa ndoa 375 za watu waliokuwa wakienda Urusi. Hesabuni wenyewe: ni siku 135, yaani karibu ndoa tatu kwa kila siku, Jumapili na siku za kazi pamoja. Sababu haikuwa mapenzi peke yake, ingawa sikatai kwamba mapenzi yalikuwapo. Ardhi ilitolewa kwa jamaa, si kwa kijana mmoja mwenye mfuko wake, na binti asiye na mume hakuwa na pa kuanzia. Mvulana wa kijiji hiki na msichana wa kijiji kile, waliokutana penye foleni ya posho, waliweza kusimama mbele ya mchungaji kabla ya mwezi kwisha.

Hapa ndipo ninapotaka msomaji aliye karani anitegee sikio. Ndoa hizo ziliandikwa kitabuni. Iliandikwa siku, jina la bwana arusi, jina la bibi arusi, na mahali alikotoka kila mmoja wao. Mwandishi alikuwa na watu kadhaa mbele yake kila siku, ambao hakuwajua, wenye lafudhi za kila namna, na ambao baada ya juma moja asingewaona tena mpaka kiama. Hakuna mkaguzi ambaye angemwuliza kama kijiji cha bibi arusi kimeandikwa barabara au kimeachwa. Angeweza kuandika "wahamiaji wawili" akafunga kitabu akaenda kula. Hakufanya hivyo. Aliandika kijiji.

Faida ya kazi yake haikuonekana mpaka miaka mingi baadaye, na ili kuipima lazima tuwafuate wale maarusi.

Kutoka Lübeck walipanda merikebu mpaka Kronstadt, karibu na mji mkuu wa Urusi wa wakati ule. Mahali paitwapo Oranienbaum waliapishwa kuwa raia waaminifu wa Malkia, na afisa mmoja, Ivan Kulberg, akawaandikisha katika orodha zake mwaka 1766. Orodha hizo zipo hata leo, na ni hazina, lakini zina kasoro mbili. Kwanza, penye swali la asili ziliandika nchi tu: huyu ni wa Isenburg, yule wa Darmstadt, bila kijiji. Ni kama mtu aulizwe kwao akajibu "Nyanza" kisha asiulizwe zaidi. Pili, ziliandikwa kwa herufi za Kirusi, nayo alfabeti ya Kirusi haina herufi ya H. Mrusi akikutana na H ya Kijerumani aliandika G. Hivyo bwana Hoffmann aliingia upande mmoja wa meza na kutoka upande wa pili akiitwa Gofman, na Heinrich akawa Genrikh. Mjukuu wa mjukuu wake akitafuta Gofman katika vitabu vya Hesse atatafuta mpaka macho yamwume.

Kwa miaka ile ya 1763 mpaka 1767 wageni kama 30,000 waliingia Urusi kwa mwito wa Malkia, na wengi wao walipelekwa kwenye Mto Volga, karibu na mji wa Saratov. Njia ilikuwa ndefu, majira ya baridi yaliwakuta njiani, na si wote waliofika. Waliofika hawakuzikuta nyumba. Wengi walichimba mashimo ardhini wakayafunika kwa miti na udongo, wakalala humo. Tena ikatokea kwamba fundi wa viatu, mfumaji na msuka vikapu, ambao walidhani wataendelea na ufundi wao, waliambiwa wote wawe wakulima, kwa kuwa Malkia alitaka nafaka. Miaka ya 1770 vijiji vyao vilivamiwa na watu wa nyika, wengine wakachukuliwa mateka. Si lazima nieleze kwamba nyika hizo hazikuwa tupu kama tangazo lilivyosema. Ardhi inayotangazwa kuwa tupu aghalabu ina wenyewe, walio mbali kidogo na mifugo yao.

Hata hivyo walistawi. Vilianzishwa vijiji zaidi ya 100 penye kingo mbili za Volga, na humo watu walizungumza Kijerumani cha babu zao kwa miaka 150 na zaidi, hasa lafudhi za Hesse na nchi za jirani. Kijerumani cha shule kilibadilika huko Ulaya. Chao kilibaki kama chakula kilichohifadhiwa chunguni, kikaongezwa viungo vya Kirusi. Kwa mfano, tikiti maji, ambalo Hesse halikuwa zao la shambani, waliliita kwa neno la Kirusi, arbuz, wakalitamka kwa namna yao. Leo mzee kutoka mikoa ya Argentina akifungua kinywa chake sokoni Büdingen, wenyeji wazee husimama wakamtazama, maana husikia maneno waliyoyasikia mwisho kwa bibi zao. Kisha akitaja tikiti maji hawaelewi hata kidogo.

Argentina walifikaje? Mwaka 1874 Urusi iliwatia walowezi hao katika sheria ya kuingia jeshini, ambayo mababu waliahidiwa kwamba haitawagusa. Makundi yakaondoka tena, mengine kwenda Kansas, Nebraska na Colorado, mengine kwenda Brazili, na tangu 1878 kwenda Argentina. Huko walilima ngano na viazisukari, na wazao wao ni watu wa kila kazi. Mwaka 1968 wale wa Marekani walianzisha chama cha historia yao, chenye makao katika mji wa Lincoln, Nebraska, na chama hicho kimewasaidia wengi kuipata njia ya kurudi mpaka katika kitabu cha Büdingen.

Kwa hao wa Amerika safari ni ya moyo. Wakikosa jina, hurudi nyumbani wakiwa na picha za lango na sanamu ya chura, na maisha huendelea. Wale waliobaki Volga mambo yao yalikuwa mengine.

Tarehe 28 Agosti 1941, wakati jeshi la Hitler lilipokuwa likiingia Urusi, serikali ya Stalin ilitoa amri ya kuwahamisha Wajerumani wote wa Volga. Watu wapatao 400,000 walipakiwa katika mabehewa wakapelekwa Siberia na Kazakhstan; wanaume kwa wanawake wakatiwa katika majeshi ya kazi, kukata miti na kuchimba makaa ya mawe, wengi wakafa. Kosa lao lilikuwa jina la taifa lao. Mwaka 1964 serikali ilikiri kwamba shtaka lile halikuwa la haki, lakini haikuwaruhusu kurudi katika vijiji vyao.

Katika nchi ile kila mtu aliandikiwa taifa lake katika pasi ya ndani, na katika fomu za kazi na masomo lilikuwa swali la tano. Kijana alipofika miaka 16 alipata pasi yake, na kama mama alikuwa Mrusi na baba Mjerumani angeweza kuchagua. Mzazi mwenye akili alimwambia mtoto wake: andika Mrusi, uipate shule na uishi kwa amani. Nani angemlaumu?

Kisha miaka ya mwisho ya 1980 milango ikafunguliwa. Ujerumani, kwa sheria yake ya mwaka 1953, iliwapokea watu wenye asili ya Kijerumani waliopata mateso huko, na jumla ya waliokuja kutoka nchi za iliyokuwa Urusi ya Kisovieti ilipita milioni mbili. Lakini ofisi ilitaka ushahidi. Lugha, vyeti vya wazazi, vyeti vya babu, na ile pasi. Neno lililompeleka babu Siberia sasa likawa ufunguo wa mjukuu, na yule ambaye baba yake alimshauri kwa hekima aandike Mrusi akaambiwa: bwana, wewe mwenyewe ulikana. Sheria ililegezwa mwaka 2013, na tena mwaka 2023, lakini kwa miaka mingi ndugu wa tumbo moja waliweza kupata majibu mawili, huyu aingie na huyu abaki, kwa sababu ya neno moja katika fomu. Ninyi mnaojaza fomu za watu kila siku, mkimwuliza mzee haraka haraka na kuandika lile linalokuja kwanza masikioni, haya si mambo ya mbali.

Turudi kwa mgeni wetu aliyefika Büdingen. Asikie mashauri ya wenye uzoefu.

Wengi huanza makaburini, na huko hawapati kitu. Desturi ya Ujerumani ni kwamba kaburi hukodishwa. Kwa kawaida ni miaka 20 mpaka 30; muda ukiisha, kama jamaa hawalipi tena, jiwe huondolewa na mahali pale hupewa marehemu mwingine. Kwetu jambo hili ni gumu kulisikia, maana kaburi la babu shambani ni ushahidi hata mbele ya baraza la wazee, na zimekuwako kesi za ardhi zilizoamuliwa kwa kuonyesha makaburi. Lakini mtu aliyeondoka Hesse mwaka 1766 akiwaacha wazazi wake nyuma, asitarajie kuyaona majina yao juu ya jiwe, isipokuwa walikuwa wakubwa waliozikwa ndani ya kanisa.

Kilichobaki ni vitabu. Ofisi za serikali za kuandika vizazi, ndoa na vifo kwa Ujerumani nzima zilianza tarehe 1 Januari 1876. Kabla ya hapo, katika sehemu nyingi, aliyeandika alikuwa mchungaji au kasisi. Vitabu vingi vya makanisa viliungua au kupotea katika Vita vya Miaka Thelathini, vilivyokwisha mwaka 1648, kwa hiyo anayeweza kurudi nyuma zaidi ya hapo amebahatika. Tangu mwaka 2015 vitabu vya makanisa mengi ya Kiprotestanti vinaweza kusomwa kwa malipo katika intaneti, na mtu mwenye busara huvisoma kwake kwanza kabla ya kununua tikiti ya ndege.

Shida yake ni mwandiko. Wajerumani walikuwa na mwandiko wao wa mkono, ambao n na e na u hufanana kama mayai, na Wajerumani wa leo wengi hawawezi kuusoma. Mtu hujifunza kwa kuanza na maneno anayoyajua, kama vile jina la kijiji na jina la mwezi, kisha huyalinganisha na asiyoyajua. Shida ya pili ni akina Johann. Katika nyumba moja unaweza kukuta Johann Georg, Johann Peter na Johann Heinrich, wote ndugu na wote hai. Jina la kwanza lilikuwa kama kofia tu, na jina la kuitwa lilikuwa la pili. Mwenye kutafuta "Johann" peke yake atapata nusu ya Hesse.

Basi mgeni akishapata ukurasa wake katika kitabu cha ndoa, ndipo hugundua lile nililolisema mwanzoni: kwamba babu yake hakuwa mtu wa Büdingen. Mji huu ulikuwa lango tu. Alikaa humo majuma machache, akaoa, akapokea posho, akaondoka. Pale penye jina lake pameandikwa kijiji kingine. Wako wanaosikitika kidogo, maana wamekwisha kuupenda mji wenye minara na walikuwa wakijiona tayari ni wana wa ngome. Kijiji kilichoandikwa huenda kina njia moja, kanisa moja na harufu ya samadi. Nionavyo mimi, huko ndiko kwenye thamani zaidi, lakini si kila mtu aliyevuka bahari hupenda kuambiwa hivyo.

Vijiji vingine ni vya karibu sana. Düdelsheim, kwa mfano, siku hizi ni sehemu ya Büdingen yenyewe. Vingine viko juu milimani. Kabla ya kwenda, mgeni aandike barua kwa ofisi ya parokia, ataje jina la jamaa, mwaka na kijiji kama kilivyoandikwa kitabuni, pamoja na namna nyingine ambazo huenda jina hilo liliandikwa. Aulize pia kama kipo kitabu cha jamaa za kijiji. Sehemu nyingi wako wazee waliostaafu ambao wamezipanga ndoa, vizazi na vifo vya kijiji chao, jamaa baada ya jamaa, katika kitabu kimoja, na kazi ya miezi sita huweza kumalizika kwa jioni moja mezani kwao. Mabasi ya milimani ni machache, na siku ya Jumapili machache zaidi. Ofisi za parokia hufunguliwa saa chache tu kwa juma, na kanisa la kijiji huwa limefungwa; aulize jirani ni nani mwenye ufunguo.